C. T. Studd: Mchezaji Aliyezikwa Ibambi



Hapa Kasongo, ibada ya Jumapili ikiisha, vijana hawakawii. Wanakimbia nyumbani kuvua nguo za kanisa, na kitambo kidogo unawasikia kiwanjani wakipigiana kelele. Kila mmoja ana ndoto ya kuvaa jezi ya Maniema Union siku moja, na akishaivaa, kufika mbali zaidi. Sisi wazazi tunaomba. Mmoja anaomba mtoto afaulu katika mpira, mwingine anaomba mtoto auache mpira ashike masomo.

Kwa ajili yao na kwa ajili yetu, leo tusimulie habari za kijana aliyeyapata yote wanayoyaota vijana wetu: jina, mali, na timu ya taifa. Aliyaacha yote akiwa bado kijana. Kaburi lake haliko Ulaya. Liko katika nchi yetu, Ibambi, upande wa Haut-Uele.

Jina lake ni Charles Thomas Studd, na watu walizoea kumwita C. T. Ndugu zetu wa Jumuiya ya 16, CECCA, wanamjua kama mtu anavyomjua babu yake. Sisi wa kusini mwa Maniema hatumtaji sana. Lakini kuna uzi mmoja unaotufunga naye, nao ni lugha tunayosema kila siku. Tutaufikia.

Nyumba ya farasi

C. T. alizaliwa Uingereza tarehe 2 Desemba 1860. Baba yake, Edward Studd, alitajirika huko India kwa mashamba ya nili, kisha akarudi kwao kula mali yake. Alinunua jumba kubwa na kufuga farasi wa mashindano. Mwaka 1866 farasi wake aitwaye Salamander alishinda mbio za Grand National, mbio kubwa kuliko zote za kuruka vizuizi nchini humo.

Mhubiri Mmarekani, Dwight L. Moody, alipofika London, rafiki mmoja alimpeleka Edward kumsikiliza. Mzee yule akaokoka. Aliuza farasi wake wa mashindano, na jumba la anasa likajaa viti vya watu waliokuja kusikia Neno. Wanawe waliokuwa shuleni Eton waliona haya. Baba waliyemzoea alikuwa mtu wa farasi na karamu. Huyu mpya alimwuliza kila mtu habari za roho yake. Edward hakuishi miaka mingi baada ya hapo, lakini muda ule mfupi ulitosha kuigeuza nyumba nzima.

Mwaka 1878 mhubiri mgeni alilala nyumbani kwao. Alizungumza na wana watatu, Kynaston, George na Charles, kila mmoja peke yake, na wote watatu wakampokea Kristo siku ile ile bila mmoja kujua habari za mwenziwe. C. T. alikuwa na miaka 17.

Ingependeza kusema kwamba tangu siku ile alikuwa moto. Haikuwa hivyo. Kwa miaka kama sita aliufungia wokovu wake moyoni, asimwambie mtu. Mchezo ulikuwa umechukua nafasi.

Rungu na mpira

Mchezo wenyewe ni kriketi, ambao hapa kwetu hatuuchezi. Ni ndugu wa beisiboli ya Wamarekani. Mtu mmoja anarusha mpira mgumu, mwenzake anaupiga kwa rungu bapa la mti na kukimbia ili kuhesabu alama. Nyuma ya mpigaji kuna vijiti vitatu vilivyosimikwa. Mrushaji akiviangusha, mpigaji anatoka.

Katika Uingereza ya siku zile, wachezaji walikuwa tabaka mbili. Kulikuwa na waliolipwa mshahara, na kulikuwa na wana wa matajiri waliocheza bila mshahara kwa sababu hawakuhitaji fedha. C. T. alikuwa wa kundi la pili. Lakini kwa kazi yake uwanjani hakuna aliyemdharau. Ndugu wale watatu walikuwa makapteni wa timu ya Chuo Kikuu cha Cambridge kwa zamu: George mwaka 1882, Charles 1883, Kynaston 1884. Katika msimu wa 1882 C. T. alipata alama zaidi ya 1,000 na kuwatoa wapigaji zaidi ya 100, jambo ambalo wachache sana waliliweza. Aliitwa katika timu ya taifa.

Mwezi wa Agosti mwaka ule Uingereza ilicheza na Australia mjini London. Waingereza walihitaji alama 85 tu ili washinde. Waliziona ni chache, kumbe hazikutosha mikono yao. Wapigaji walianguka mmoja baada ya mwingine. C. T., aliyekuwa tegemeo, aliwekwa nyuma kabisa, akaingia mchezo ukiwa unakwisha. Alisimama upande wake akingoja zamu. Mwenzake wa upande wa pili akatolewa, na mechi ikaisha. C. T. hakupata hata mpira mmoja wa kupiga, na Uingereza ilishindwa kwa alama 7.

Gazeti moja liliandika kwa mzaha tangazo la kifo cha kriketi ya Uingereza, kwamba mwili utachomwa na majivu yapelekwe Australia. Miezi michache baadaye timu ya Waingereza ilisafiri kwenda Australia kuyafuata hayo majivu, na C. T. na George walikuwamo. Walishinda, na kapteni wao akapewa chombo kidogo kinachotunzwa London mpaka leo. Kimebandikwa karatasi yenye beti fupi, na jina la akina Studd limo. Nchi hizo mbili bado zinashindania majivu hayo.

Kitanda cha ndugu yake

Baada ya msimu wa 1883, George aliugua sana. Watu wa nyumbani walidhani anakufa. C. T. alikaa kando ya kitanda usiku na mchana, akimtazama ndugu yake aliyekuwa nahodha, tajiri na mwenye sifa. Akajiuliza sifa zile zinamfaa nini mtu aliyelala pale. Aliona kwamba George mwenyewe hakujali tena habari za mchezo. Alitaka kusikia habari za Bwana tu.

George alipona. Lakini C. T. hakurudi kama alivyokuwa. Alikwenda kumsikiliza Moody, moyo wake ukawaka upya, na akaanza kuwaleta wachezaji wenzake kusikia Injili. Kisha akasikia wito wa kwenda China na misioni ya Hudson Taylor. Jamaa zake walilia na kumsihi asimwache mama yake mjane. Alitikisika sana, lakini akashika njia.

Hakwenda peke yake. Vijana saba, wengi wao wa Cambridge, waliondoka London tarehe 5 Februari 1885. Wanaitwa Saba wa Cambridge. Kabla ya kuondoka walipita katika vyuo wakishuhudia, na wanafunzi walijaa kumbi kuwasikiliza, maana watu wa namna ile hawakuwa na sababu ya kukimbia kwao. Hawakukosa kazi wala chakula.

Urithi wa pauni 29,000

Wosia wa baba ulisema C. T. atapata urithi akifikisha miaka 25. Siku hiyo ilimkuta ndani ya China. Hesabu ilikuwa pauni 29,000, utajiri mkubwa kwa wakati ule.

Alikwenda kwa konsuli wa Uingereza kutia sahihi karatasi za kuruhusu mali itolewe. Konsuli alikataa, akamwambia akafikiri kwanza majuma mawili. C. T. alirudi baada ya majuma mawili na kutia sahihi.

Tarehe 13 Januari 1887 alituma hundi. Pauni 5,000 zilikwenda kwa Moody, 5,000 kwa George Müller aliyelea yatima Bristol, 5,000 kwa kazi ya maskini wa London, na 5,000 kwa Jeshi la Wokovu huko India. Hundi nyingine tano za pauni 1,000 ziligawanywa kwa watumishi wengine. Fedha ya Moody iliingia katika kuanzisha chuo cha Biblia cha Chicago, kilichotoa wahubiri na wamisionari wengi.

Zilibaki pauni 3,400. Mwaka 1888 alimwoa Priscilla Stewart, binti wa Ireland aliyekuwa akitumika China, akampa zile zilizobaki. Priscilla aliona kwamba haifai kuanza ndoa na akiba iliyobaki nyuma ya utoaji wa mume. Wakazitoa nazo kwa Jeshi la Wokovu. Walianza nyumba yao wakiwa hawana kitu.

Waliishi China mpaka 1894. Walifungua nyumba ya kuwahudumia watu waliofungwa na kasumba, na mamia walipita humo. Mungu aliwapa mabinti wanne. Watoto wawili wa kiume waliwazika wakiwa wachanga. Kisha afya ikawarudisha Uingereza. Kuanzia 1900 hadi 1906 C. T. alikuwa mchungaji wa kanisa moja kusini mwa India. Pumu ilimtesa usiku hata akalala kidogo sana. Mtu angesema amemaliza mwendo.

Njia ya Kongo

Mwaka 1908, akiwa Liverpool, aliona mlangoni tangazo la mkutano. Lilisema kwa maneno ya kuchekesha wazungu kwamba wala watu wa Afrika wanatafuta wamisionari. Sisi wajukuu wa watu wale hatuwezi kulisoma tangazo la namna hiyo bila kukunja uso. Ndivyo Ulaya ilivyotutazama. Lakini C. T. aliingia ndani, akasikia kwamba katikati ya Afrika kuna nchi kubwa ambako hakuna aliyehubiri Kristo.

Alikuwa karibu miaka 50, mgonjwa, hana fedha. Madaktari walikataa, na wafanyabiashara waliotaka kumsaidia wakajiondoa kwa sababu ya neno la madaktari. Alikwenda hata hivyo. Kwanza alipita Sudan peke yake, na mwaka 1913 aliingia Kongo ya Wabelgiji kutoka Uganda pamoja na kijana Alfred Buxton, aliyeacha masomo ya udaktari Cambridge. Walifika Niangara, kisha wakaweka kituo chao Nala. Kazi hiyo ikaitwa Misioni ya Moyo wa Afrika, ambayo baadaye ilizaa misioni ya WEC.

Alirudi Uingereza kutafuta watenda kazi, na mwaka 1916 akaondoka tena. Hakurudi kamwe.

Baadaye alihamia Ibambi. Aliishi katika nyumba ya matope na nyasi, akalala juu ya kitanda cha kamba, akaamka kabla ya jogoo kuomba na kusoma. Alipiga banjo na kutunga nyimbo. Watu walimwita Bwana Mukubwa. Jumapili walitembea kilomita nyingi wakiimba, wakaketi saa nyingi kwenye ibada. Na waliookoka hawakuketi tu. Walitoka wawili wawili na chakula kichache kwenda kwa makabila mengine, hata kwa wale waliokuwa adui zao wa zamani. Vitabu vya Ulaya vimejaa majina ya wamisionari. Majina ya wainjilisti hawa ni machache sana. Lakini bila miguu yao, Injili ingebaki kwenye baraza ya mzungu.

Lugha iliyotoka kwetu

Sasa tuufikie uzi wetu. C. T. alihubiri Ibambi kwa lugha gani? Watu wa pale walikuwa na lugha zao nyingi. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo.

Nacho kilifikaje kule msituni? Kilipita kwetu. Kasongo ilikuwa makao makuu ya Tippu Tip, na Nyangwe, jirani yetu, ilikuwa soko kubwa la Lualaba, pale ambapo Livingstone aliona mauaji ya kutisha mwaka 1871. Watu wa pwani na wafuasi wao wa hapa walijiita Waungwana, maana yake watu huru. Kutoka Nyangwe na Kasongo walishuka na mto mpaka Kisangani, na kutoka huko wakaingia misitu ya Ituri wakitafuta pembe na watu. Lugha yao ikafuata njia hizo hizo. Ajabu yake ndiyo hii: lugha iliyobeba jina la watu huru ilifika huko pamoja na kamba za shingoni.

Hatusemi haya ili kuwanyoshea kidole majirani zetu Waislamu. Hao ni ndugu zetu, tunazikana na kuoana, na katika biashara ile mababu wa wengi walikuwamo, wengine wakiuza, wengine wakiuzwa. Tunasema ili tuone kazi ya Mungu. Katika miaka yake ya mwisho, mwili ukiwa umechoka, C. T. alikaa asubuhi baada ya asubuhi akitafsiri Agano Jipya kwa Kingwana, na akalimaliza. Njia iliyopitishwa minyororo ikapitishwa habari njema. Maneno ya soko la Nyangwe yakawa maneno ya msalaba.

Mambo yanayouma

Ndugu msomaji, maisha ya watumishi yakisimuliwa kanisani, mara nyingi tunaondoa miiba yote. Biblia haifanyi hivyo kwa Daudi wala kwa Petro. Nasi tusifanye hivyo kwa C. T.

Priscilla alikuwa na ugonjwa wa moyo mumewe alipoondoka. Alibaki London, na hata hivyo aliinuka kitandani, akaongoza kazi ya misioni, akaandika barua nyingi na kusafiri kutafuta watenda kazi. Tangu 1916 mke na mume hawakuonana mpaka 1928, Priscilla alipokuja Ibambi kwa majuma mawili tu. Waumini walikuwa wameambiwa kwamba mke wa Bwana amebaki Ulaya ili awatumie wahubiri. Walipomwona kwa macho ndipo walipoelewa bei iliyolipwa kwa ajili yao. Kisha wakaagana, wote wawili wakijua kwamba hawataonana tena duniani. Alifariki mwanzoni mwa 1929.

C. T. pia alikuwa mgumu. Aliwapima wengine kwa kipimo alichojipimia mwenyewe, na wengi hawakuweza. Wamisionari kadhaa waliondoka au waliondolewa. Hata Alfred Buxton, aliyeingia naye Kongo, na mkewe Edith, binti yake C. T. mwenyewe, aliwatoa katika misioni. Aliandika kijitabu chenye lugha kali kilichowakwaza Wakristo wa kwao. Maumivu na kazi ya kupita kiasi vilimfikisha kwenye kutumia mofini, na habari hiyo ilipofika London kamati iligawanyika vibaya sana. Alikufa jeraha hilo likiwa bado bichi.

Kaburi la Ibambi

Mwaka 1930 mfalme wa Wabelgiji alimpa nishani ya Simba. Tarehe 16 Julai 1931, baada ya siku chache za maumivu ya tumbo, alifariki Ibambi akimsifu Mungu. Alikuwa na miaka 70. Watu kama 2,000 walikuja kumzika.

Wengi walidhani kazi itakufa naye. Haikufa. Misioni yake ilienea katika nchi nyingi. Hapa Kongo, mwaka 1964 wakati wa Simba, moto ulioifikia Maniema yetu uliifikia pia Ibambi na Nebobongo. Wamisionari na Wakristo wa Kongo waliteswa na kuuawa, na kanisa likabaki. Leo linasimama kwa mikono ya Wakongomani.

Tujiulize

Kwa vijana wa kiwanjani: hatuwaambii kwamba mpira ni dhambi. C. T. hakusema hivyo, na kriketi ilimfundisha nidhamu iliyomfaa msituni. Swali ni lile la kando ya kitanda cha George: siku ukilala hapo, utakuwa umeshika nini mkononi?

Kwa watumishi: je, tunaweza kumtumikia Mungu kwa moto wote na bado tusiichome nyumba yetu? Wachungaji wetu wengi wamewaacha wake na watoto kijijini kwa sababu ya kazi au vita. Msimsifu Studd kabla hamjauliza habari za Priscilla. Mama wa namna yake wapo katika kila parokia yetu. Wanastahili shukrani, pamoja na msaada wa unga na karo za watoto.

Kwa kanisa lote: alikuwa na pauni 29,000, nasi tunahesabu franka za sadaka kwenye kikapu. Lakini baraka haikutegemea wingi wa hesabu. Mjane wa Injili alitoa senti mbili na Bwana akaziona. Tena, lugha tuliyorithi katika machozi tayari imetumika kuleta uzima mbali na hapa. Tuangalie leo, katika Kasongo na Kabambare ya bunduki na wakimbizi, ulimi wetu unabeba nini: matusi ya kabila kwa kabila, au habari njema.

Tuombeeni, nasi tunawaombea. Bwana awabariki.